Umefungua poti na bado rafiki haingii? Mwongozo kamili wa seva ya Minecraft nyumbani

Malalamiko ni yale yale kila wiki: "Nimeingia kwenye ruta, nimeweka 25565, nimesevu, nimezima na kuwasha, na rafiki yangu bado anaambiwa imeshindikana." Kisha inafuata picha ya ukurasa wa ruta, na mara nyingi ukurasa huo hauna kosa lolote.

Kosa liko kwingine. (Hiyo 25565 ni poti, yaani namba ambayo seva ya Minecraft husikilizia wanaotaka kuingia.) Watu huanza na ruta, wakati ruta ni mlango wa mwisho kati ya mitatu: seva yenyewe, faiwoli ya Windows, kisha ruta. Mwongozo huu unaanzia ndani kwenda nje, na kila mlango unajaribiwa kabla ya kuugusa unaofuata. Usiruke jaribio hata moja, kwa sababu ndilo litakalokuonyesha ulipokwama.

Nimetumia Minecraft ya Java, yaani toleo la kompyuta, kwenye Windows kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Mchezo mwingine ukitaka poti, njia ni hii hii, namba tu ndizo zinabadilika.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta itakayokaa imewashwa muda wote mnaocheza. Ikiwa na RAM ya GB 8, marafiki wanne au watano watacheza bila shida.
- Kebo ya mtandao kutoka kompyuta hadi kwenye ruta. Wi-Fi inafanya kazi, ila ikikatika kila mtu anaweza kutupwa nje.
- Jina na neno la siri la kuingilia kwenye ruta. Mara nyingi limeandikwa kwenye stika chini ya kifaa. Kama fundi alilibadilisha siku ya kufunga, mpigie leo, siyo saa nne usiku ukiwa katikati ya kazi.
- Simu yenye data yake mwenyewe, kwa ajili ya kujaribu kutoka nje.
- Karatasi na kalamu. Utaandika anwani tatu, na ukizichanganya umepotea.

## Hatua ya 1: Hakikisha una anwani ya umma

Hapa ndipo wengi wanapoishia bila kujua. Usifungue chochote kabla ya kumaliza hatua hii.

Zima VPN zote (programu zinazopitisha intaneti yako kwingine), na Tailscale, programu ya jamii hiyo, kama unayo. Fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, kisha tafuta mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, kwa kawaida 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, na utafute ukurasa wa "Status" au "WAN". Nakili anwani ya IP ya WAN, yaani ya upande wa ruta unaotazama intaneti, kwenye karatasi.

Sasa fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako na uandike IPv4 inayokupa. Linganisha hizo mbili.

Zinafanana? Una anwani ya umma. Nenda Hatua ya 2.

WAN inaanza na 100.64 hadi 100.127? Uko nyuma ya CGNAT. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hii hasa: mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya umma.

WAN inaanza na 10, au 192.168, au 172.16 hadi 172.31? Ama ni CGNAT ya aina nyingine, ama kuna ruta mbili ndani ya nyumba. Angalia ukutani. Kama kuna kiboksi cha faiba na ruta uliyonunua mwenyewe imechomekwa humo, huenda hicho kiboksi nacho ni ruta. Omba kiwekwe kwenye "bridge", au iweke ruta yako kwenye "Access Point" na poti uifungue kwenye kiboksi.

CGNAT inafanya kazi kama sanduku la posta la shule. Barua yako inafika S.L.P. ya shule vizuri kabisa, lakini kama hakuna aliyemwambia karani ni ya nani, inabaki mezani. Ruta yako haina mamlaka juu ya karani huyo, kwa hiyo ufungue poti mara mia, barua haifiki. Mimi nilipoteza usiku mbili kwa jambo hili, nikabadilisha hadi kebo, na mhudumu wa simu alikuwa akiniambia "zima uwashe tena".

Kwenye intaneti ya laini ya simu, yaani ruta za 4G na 5G, tegemea CGNAT. Faiba nayo siku hizi inaweza kuwa na CGNAT.

Kama ukurasa wa WAN umefichwa na mtoa huduma, tumia njia ya pembeni: andika `tracert -d` ikifuatiwa na IP yako ya umma. Jibu likiishia kwenye mstari mmoja, mara nyingi uko sawa. Ikipita mistari miwili au zaidi, kuna mtu katikati yenu.

Umekwama hapa? Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo. Hatua zinazofuata pekee hazitakusaidia.

## Hatua ya 2: Washa seva na uingie ukiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo

Pakua `server.jar` kutoka tovuti rasmi ya Minecraft na uiweke kwenye folda yake peke yake. Matoleo ya kuanzia 1.20.5 hadi mfululizo wa 1.21 yanataka Java 21, programu inayoendesha seva. Ukiona neno "UnsupportedClassVersionError", Java yako ni ya zamani.

Fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo na uandike:

`java -Xms2G -Xmx2G -jar server.jar nogui`

Itawaka na kujizima. Hiyo ni kawaida. Fungua `eula.txt`, badilisha `false` kuwa `true`, kisha iwashe tena. Subiri hadi uone mstari unaoanza na "Done".

Sasa ifunge kwa kuandika `stop`, ufungue `server.properties` na uangalie mistari minne:

- `server-port=25565` iache hivyo.
- `server-ip=` iache tupu. Watu wengi huweka hapa IP ya umma kwa kuona inaeleweka. Kompyuta yako haina anwani hiyo, ruta ndiyo inayo, kwa hiyo seva itagoma na kuandika "FAILED TO BIND TO PORT".
- `white-list=true` ili waingie uliowataja tu.
- `online-mode=true` isiguswe. Ukiweka `false` ili mwenye mchezo wa bure aingie, mtu yeyote anaweza kujiita jina lako na kuchukua mamlaka yako yote kwenye seva.

Iwashe tena na uongeze marafiki kwenye dirisha la seva: `whitelist add` likifuatiwa na jina la mchezaji.

Kwa nini orodha hii iwekwe sasa, kabla hata poti haijafunguliwa? Kwa sababu kuna programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga 25565 kwenye kila anwani. Hazikujui wewe, zinagonga tu. Na usiendeshe toleo la zamani kwa sababu tu mod (nyongeza ya mchezo) unayoipenda inalitaka: Desemba 2021 liligunduliwa tundu kwenye Log4j, sehemu ya Java inayotumiwa na Minecraft, ambapo ujumbe mmoja tu wa chati ulitosha kumpa mgeni udhibiti wa seva. Toleo la 1.18.1 ndilo lililokuja na kiraka.

Jaribio: fungua mchezo, nenda "Multiplayer", kisha "Direct Connection", andika `localhost`, yaani kompyuta hii hii.

Ukifaulu: umesimama ndani ya dunia yako na dirisha la seva limeandika jina lako. Mlango wa kwanza umefunguka.

## Hatua ya 3: Ipe kompyuta anwani isiyobadilika ndani ya nyumba

Ruta hugawa anwani za ndani kwa zamu. Umeme ukikatika na kurudi, inaweza kugawa upya, na simu mara nyingi huwahi kabla ya kompyuta. Matokeo yake poti uliyofungua wiki iliyopita sasa inaelekea kwenye simu ya mama.

Andika `ipconfig /all` na unakili "Physical Address" ya kiunganishi unachotumia. Kuwa makini: kebo na Wi-Fi vina namba tofauti kwenye kompyuta ile ile. Ukihifadhi ya Wi-Fi halafu ukachomeka kebo, hujafanya kitu.

Kwenye ruta, tafuta "DHCP Reservation", "Address Reservation" au "Static DHCP". Weka namba hiyo, kisha chagua anwani, tuseme 192.168.1.50. Namba tatu za mwanzo, zinazotenganishwa na nukta, lazima zilingane na za ruta. Ruta ikiwa 192.168.100.1, kompyuta iwe 192.168.100.50.

Nashauri kuifanya kazi hii kwenye ruta, siyo ndani ya Windows. Ukiifanya kwenye Windows, siku ukienda na laptopu kazini au hosteli itakataa mtandao, na utakuwa umeshasahau kwa nini.

Ukifaulu: zima na uwashe kompyuta, andika `ipconfig`, na uone 192.168.1.50 ile ile.

## Hatua ya 4: Faiwoli ya Windows

Faiwoli ni mlinzi wa Windows anayeamua nani aingie kwenye kompyuta kutoka mtandaoni. Huu ni mlango wa pili, na una mtego mmoja ambao sijaona ukielezwa vya kutosha.

Siku ya kwanza ulipowasha seva, Windows ilikuuliza kama uruhusu Java kwenye mtandao. Ukibofya "Cancel" kwa haraka, Windows haikukaa kimya. Iliandika sheria ya kuzuia Java. Na kwenye faiwoli hii, sheria ya kuzuia inashinda sheria ya kuruhusu. Ndiyo maana unaongeza ruhusa, unaiona kwa macho yako, na bado haisaidii.

Kwa hiyo:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `wf.msc`.
2. Bofya "Inbound Rules". Tafuta mistari ya Java, mara nyingi inaitwa "OpenJDK Platform binary" au "Java Platform SE binary". Yenye alama nyekundu, ifute.
3. Bofya "New Rule", chagua "Port", kisha TCP (mojawapo ya njia mbili za kusafirisha data; nyingine ni UDP), andika 25565, ruhusu, acha visanduku vyote vitatu vya aina ya mtandao vikiwa na tiki, na uipe jina utakalolikumbuka.

Usizime faiwoli nzima "kwa kujaribu tu". Jaribio hilo huwa linasahaulika kwa miezi. Kama una antivirusi ya kulipia, nayo inaweza kuwa na faiwoli yake, na hapo unarudia ruhusa hiyo upande wake.

Jaribio: kwenye kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo wa nyumbani, fungua PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 25565`

Ukifaulu: mstari wa mwisho unasema "TcpTestSucceeded : True". Ikiwa ni "False" na seva inawaka, rudi kwenye alama nyekundu. Huna kompyuta ya pili? Azima ya jirani kwa dakika kumi. Simu yenye Minecraft haitafaa, kwa sababu ile ni Bedrock, toleo jingine la mchezo, na haiingii kwenye seva ya Java.

## Hatua ya 5: Sasa ndiyo ruta

Baada ya yote hayo, hatua iliyokuleta hapa haizidi dakika tano.

Jina la ukurasa hutegemea kampuni. Kwenye TP-Link nyingi ni "NAT Forwarding", ndani yake "Virtual Servers" au "Port Forwarding". Kwenye viboksi vya faiba vya Huawei tafuta "Forward Rules", kisha "IPv4 Port Mapping". ZTE huiita "Port Forwarding".

Jaza hivi:

- Poti ya nje: 25565. Ukiulizwa mwanzo na mwisho, weka namba hiyo hiyo pote.
- Poti ya ndani: 25565
- Anwani ya ndani: 192.168.1.50, ya kompyuta, siyo ya ruta
- Itifaki: TCP
- IP ya chanzo, kama ipo: iache tupu. Hapa ndipo wengine huweka IP ya umma na kujifungia nje wenyewe.

Kwenye Huawei utaulizwa pia jina la WAN. Chagua lenye neno INTERNET. Lenye VOIP ni la simu ya mezani, na ukilichagua kila kitu kitaonekana sawa ila hakuna atakayeingia.

Kwa michezo mingine: Minecraft ya Bedrock ni 19132 kwa UDP, Terraria ni 7777 kwa TCP, Valheim ni 2456 hadi 2457 kwa UDP. Usichanganye TCP na UDP, maana ruta itapokea kosa hilo bila kulalamika.

Kuna atakayekuambia uwashe "DMZ" ili umalize kazi. Kataa. DMZ inaielekeza kompyuta yako kila poti, siyo moja tu. Na kama neno la siri la ruta bado ni "admin", libadilishe kabla ya kutoka kwenye ukurasa huo.

Ukifaulu: baada ya kusevu, sheria inaonekana kwenye orodha na imewashwa. Zipo ruta zinazosevu sheria ikiwa imezimwa, kwa hiyo angalia tiki.

## Hatua ya 6: Jaribu kutoka nje, na nje maana yake nje

Usijaribu kuingia kwa IP ya umma ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ruta nyingi haziwezi kutoa ombi nje na kulirudisha ndani, hivyo utaona imeshindikana wakati marafiki wanaingia vizuri. Wewe mwenyewe utaendelea kuingia kwa `localhost`, na mdogo wako wa chumba cha pili kwa 192.168.1.50.

Seva ikiwa inawaka, zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, fungua mcsrvstat.us na uandike IP yako ya umma. Ikionyesha seva yako na idadi ya wachezaji, mtumie rafiki anwani. Seva ikiwa imezimwa, poti itaonekana imefungwa hata kama kila kitu kiko sawa, kwa sababu hakuna programu ya kujibu.

Rafiki akishindwa, muulize maneno kamili yaliyo kwenye skrini yake. Yana maana:

"Connection refused": ombi limefika kwenye kifaa fulani, ila hakuna anayesikiliza poti hiyo. Mara nyingi seva imezimwa, au ruta inaelekeza kwenye kifaa kisichokuwa chenyewe. Rudia Hatua ya 2 na ya 3.

"Connection timed out": ombi limepotea njiani bila jibu. Hapa washukiwa ni faiwoli, WAN isiyo sahihi, au CGNAT uliyoipita kwa matumaini. Rudia Hatua ya 4, 5 na 1.

"You are not white-listed on this server!": furahi. Mtandao wote unafanya kazi, hujamwongeza tu.

Wakiingia lakini mchezo unakwama, poti haihusiki. Angalia kasi ya kupandisha, siyo ya kupakua ambayo ndiyo hutangazwa kwenye mabango. Punguza `view-distance` kutoka 10 hadi 6 kwenye `server.properties`. Hilo linapunguza sana mzigo wa kompyuta na wa mtandao kwa pamoja.

## Hatua ya 7: Jina badala ya namba

Anwani ya umma ya nyumbani kwa kawaida hubadilika. LUKU ikiisha usiku, asubuhi ruta inaweza kuamka na anwani nyingine, na marafiki wote wanadhani umewafungia.

DuckDNS inakupa jina la bure, na programu ndogo kwenye kompyuta yako hulisasisha kila anwani ikibadilika. No-IP nayo ina huduma ya bure, na ruta nyingi zina sehemu yake tayari, ila inakutaka uthibitishe jina kila baada ya siku 30. Mimi hutumia DuckDNS kwa sababu hiyo tu.

Ukifaulu: zima ruta, iwashe, subiri dakika chache, na rafiki aingie kwa jina lile lile bila kukuuliza namba mpya.

## Kama Hatua ya 1 ilikukatalia

Anza kwa kupiga simu huduma kwa wateja, na uchague maneno. Ukisema tu "ruta haifungui poti", utaambiwa uizime na kuiwasha. Sema: "Niko nyuma ya CGNAT, naomba IP ya umma." Usianze kwa kuomba "static", yaani isiyobadilika, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa makampuni. Inayobadilika inakutosha, kwa kuwa una Hatua ya 7.

Wakikataa, zipo njia ambazo hazihitaji poti kabisa.

Playit.gg inaweka programu kwenye kompyuta ya seva tu na kukupa anwani ya kugawa. Marafiki hawasakinishi chochote. Gharama yake ni kuchelewa: kila hatua unayopiga kwenye mchezo inazungukia kwenye mitambo yao kwanza, na ikiwa iko mbali, mapigano yatakuwa ya kukera. Kwa kujenga nyumba na kulima, hamtaona tofauti kubwa.

Tailscale inaunganisha kompyuta zenu kana kwamba ziko sebule moja, na mara nyingi zinaongea moja kwa moja bila mtu wa kati. Kila rafiki lazima aisakinishe, nawe umshirikishe kompyuta ya seva. Kwa kundi la watu watano wanaofahamiana, ndiyo ninayoipendekeza, hata kwa wenye anwani ya umma, maana hakuna mgeni wa kugonga. Hatua ya 2 na ya 4 bado zinahitajika, ya 3 na ya 5 unaziacha.

Marafiki wataingia kwa anwani ambayo Tailscale imeipa kompyuta yako, nayo itaanza na 100. Usishtuke ukadhani CGNAT imekufuata: Tailscale hutumia fungu lile lile la anwani, na ndiyo maana Hatua ya 1 ilikutaka uizime kabla ya kupima.